Fundi Awajibu Wasomaji: Gari la Gia za Mkono na Rimoti ya Kuwashia

SWALI: Mimi ni msomaji wa gazeti hili, nakaa Tunduma. Nina Toyota Hilux ya dizeli, ya gia za mkono, ambayo naitumia kupakia kahawa na mahindi kutoka Mbozi. Miezi ya Juni na Julai baridi ya asubuhi kwetu ni kali, na gari halipendi kuondoka mpaka lipate moto. Nimeona dukani king'ora cha gari chenye rimoti ya kuwashia injini, nawe umo ndani ya nyumba. Fundi mmoja wa hapa asema atakifunga kwa siku moja, ila waya wa klachi na waya wa breki ya mkono ataziunga moja kwa moja ili zisisumbue. Je, jambo hili lina hatari? Na kama lawezekana, lifanyweje? Nina watoto wanne wadogo, na uani ndipo wanapocheza.

JIBU: Ndugu msomaji, umefanya vema kuuliza kabla ya kufunga, na vema zaidi kuwataja watoto, kwa maana shauri lote hili ni lao. Jibu langu kwa ufupi ni hili: yawezekana, lakini si kwa njia aliyoisema fundi wako. Njia yake itakupa gari linaloweza kuondoka bila dereva. Nami nitakueleza sababu, ili usinikubali kwa kuwa nimesema tu, bali kwa kuwa umefahamu.

Kwa nini gari huruka

Stata ni mota ya umeme iliyofungwa kando ya injini. Ukizungusha ufunguo, betri huipa nguvu, meno yake hushika meno ya flaiwili, nayo injini huzungushwa mpaka iwake yenyewe. Baina ya injini na magurudumu kuna klachi na giaboksi. Gia ikiwa huru, ndiyo madereva waitayo nyutro, injini huzunguka peke yake na gari hutulia. Lakini gia ikiwa imeingia, na hapana mguu juu ya klachi, stata huzungusha injini na magurudumu pamoja. Gari hurukia mbele, au hurudi nyuma kama gia ni rivasi. Injini ikishika moto wakati huohuo, gari laenda lenyewe, pasipo mtu wa kukanyaga breki, mpaka likute ukuta, au mti, au mtu.

Wengine husema, "Breki ya mkono italishika." Usiitegemee peke yake. Breki hiyo kwa kawaida hushika magurudumu ya nyuma tu, kwa kamba ya chuma ambayo hulegea siku hata siku. Na gia ya kwanza ndiyo iliyotengenezwa kwa nguvu ya kupandia mlima na mzigo. Kamba iliyolegea haishindani nayo.

Gari la otomatiki halina taabu hii, maana lina swichi inayokataa kuipa stata umeme mpaka gia iwe kwenye P au N. Ndiyo sababu rimoti nyingi za kuwashia zimetengenezwa kwa magari ya namna hiyo, na nyingine zimeandikwa wazi kwamba zisifungwe kwenye gari la gia za mkono. Kabla hujatoa fedha, soma karatasi iliyomo ndani ya boksi, au mwombe kijana wa shule akusomee. Ikiwa imekatazwa, mambo yamekwisha. Rudisha boksi dukani.

Jambo la zamani lililorudi

Hatari hii si ngeni. Kabla ya stata ya umeme magari yaliwashwa kwa hendeli. Dereva alisimama mbele ya gari akaizungusha kwa mkono. Injini ikipiga teke la kurudi nyuma, iliweza kumvunja mkono. Na kama alisahau gia, gari lilimjia yeye aliyeliwasha. Mwaka 1912 kampuni ya Cadillac ya Marekani ilianza kuuza magari yenye stata ya umeme, kazi ya Charles Kettering, na polepole hendeli ikaachwa. Faida yake haikuwa kuponya mikono tu. Stata ilimtoa dereva mbele ya gari ikamketisha kwenye usukani, breki ikiwa karibu na mguu wake. Sasa rimoti yamtoa tena nje. Basi kazi aliyokuwa akiifanya kwa macho yake, na mkono wake, na mguu wake, sharti ifanywe na kitu kingine.

Wenye kutengeneza magari walilitambua hilo. Magari mapya ya gia za mkono yanayouzwa Japani yalilazimishwa tangu 1999 kuwa na swichi kwenye pedali ya klachi: usipoikanyaga mpaka chini, stata haiendi. Na wewe wa Tunduma wajua vizuri ni magari mangapi ya Japani yanayoshushwa bandarini Dar es Salaam na kupita mlangoni kwenu kwenda Zambia na Kongo. Waya huo wa klachi ambao fundi wako auona kuwa usumbufu, uliwekwa na watu waliojua wanachokifanya.

Maana ya "kuunga moja kwa moja"

Fundi akiunga waya wa klachi moja kwa moja, swichi ile huwa kama haipo tena, si kwa rimoti tu bali hata kwa ufunguo. Mtoto akipanda garini, akaukuta ufunguo umesahauliwa na kuuzungusha, gari laruka naye ndani.

Akiunga waya wa breki ya mkono moja kwa moja, kile kisanduku cha rimoti kitadhani siku zote kwamba breki imevutwa, hata kama umeisahau. Umemnunulia bawabu kisha ukamfumba macho. Heri usingemnunua.

Njia iliyo sawa

Sikiliza sasa jinsi rimoti ya gari la gia za mkono inavyopaswa kufanya kazi. Kisanduku chake hakiwezi kuiona gia. Kwa hiyo hutafuta ushahidi mwingine, na ushahidi huo ni wa akili sana. Ikiwa injini inaunguruma, na dereva amekwisha kushuka, na milango yote imefungwa, basi gia haina budi kuwa huru. Maana kama ingekuwa imeingia, injini ingezimika mara dereva alipoondoa mguu kwenye klachi. Jioni, unapolaza gari, taratibu huwa hivi:

1. Simamisha gari mahali tambarare. Injini isizimwe.

2. Weka gia huru, vuta breki ya mkono mpaka mwisho, kisha ondoa miguu yote kwenye pedali.

3. Bonyeza rimoti kama karatasi yake ilivyoagiza, uchomoe ufunguo. Injini itaendelea kuunguruma, hata ufunguo ukiwa mkononi mwako.

4. Shuka, hakikisha hapana mtu aliyebaki ndani, funga vioo na milango yote.

5. Piga kufuli kwa rimoti. Injini itazimika yenyewe. Hapo gari limewekwa tayari kwa asubuhi.

Usiku ule mlango wowote ukifunguliwa, ushahidi umekwisha kuharibika, kwa kuwa aliyefungua huenda ameigusa gia. Kisanduku chema hukataa kuwasha injini mpaka ufanye taratibu zote upya. Hukataa pia boneti ikiinuliwa, na breki ya mkono ikiachiwa. Ukiona gari lako lakubali kuwaka kwa rimoti bila taratibu hizi, ujue limefungiwa kisanduku kama gari la otomatiki. Usilitumie hivyo hata siku moja.

Mambo ya kumwagiza fundi

Mpelekee fundi umeme wa magari, si fundi wa redio, na umwambie haya mbele ya shahidi:

Kwanza, kisanduku kiwe cha aina inayokubali gia za mkono, na kipangwe hivyo.

Pili, swichi za milango yote zifanye kazi, si ule wa dereva peke yake. Taa ya ndani ni shahidi mzuri: fungua kila mlango kwa zamu, uone kama inawaka. Magari yaliyotembea sana barabara za vumbi mara nyingi huwa na swichi moja au mbili zilizokufa. Kwa kuwashia taa si neno kubwa. Kwa kazi hii ni hatari.

Tatu, iwekwe swichi ya boneti, ili mtu aliyeinamia injini asikatwe vidole na feni. Pia iwepo swichi ndogo iliyofichwa ya kuizima rimoti kabisa, gari linapopelekwa gereji.

Nne, waya wa breki ya mkono uungwe kwenye swichi yake ya kweli, na waya wa breki ya mguu vilevile, ili mtu akikanyaga breki pasipo ufunguo, injini izimike.

Tano, klachi ipitishwe kwa rilei inayofunga njia wakati wa rimoti tu. Ukitumia ufunguo, lazima swichi ya klachi ibaki na kazi yake.

Sita, kisanduku kiunganishwe na alama ya mzunguko wa injini, kijue imekwisha kuwaka. Kinachokisia kwa nguvu ya betri tu huweza kukosea, kikaendelea kuzungusha stata wakati injini imeshawaka, na meno yakaliwa. Nawe una dizeli: kipangwe kisubiri plagi za joto kabla ya kuzungusha stata.

Kama ufunguo wako ni wa chipu, fundi atakuomba wa pili aufiche ndani ya gari ili mtambo ukubali. Mwizi akiugundua, umemrahisishia safari. Fikiri vizuri kabla ya kukubali, hasa ukikaa mji wa mpakani.

Jinsi ya kujaribu

Usilipokee gari kwa maneno. Lipeleke mahali tambarare na wazi, weka mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu, watu wote wakae kando, asiwepo hata mmoja mbele wala nyuma. Gia iwe huru wakati wote wa jaribio. Fanya zile taratibu tano, kisha fungua mlango na kuufunga, ubonyeze rimoti. Injini isiwake. Anza tena, na safari hii mwenzako afungue mlango mwingine. Rudia kwa kila mlango. Kisha jaribu kwa boneti. Mwisho, liwashe kwa rimoti, na mtu akanyage breki pasipo ufunguo: izimike mara moja. Jaribio moja likishindwa, kazi haijaisha na fedha ya mwisho isitolewe. Rudia majaribio haya kila baada ya miezi michache, kwa maana swichi hufa kimya kimya.

Habari ya kioo

Hata kisanduku kizuri kuliko vyote kina upofu mmoja. Kioo kikiachwa wazi, mkono wa mtoto waweza kuingia na kuisukuma gia bila mlango kufunguliwa. Kisanduku hakitajua neno. Asubuhi baba abonyeza rimoti akiwa mezani na chai, na gari laruka. Kwa hiyo kioo kilichovunjika, au kisichopanda mpaka juu, ni sababu ya kutosha ya kuiacha rimoti mpaka kitengenezwe.

Habari ya mteremko

Sasa nakuja kwenye neno ambalo kwa watu wa mkoa wa Songwe ni zito kuliko yote. Kila dereva amefundishwa kwamba, akiegesha gari la gia za mkono kwenye mteremko, avute breki na kuingiza gia, ili kimoja kikishindwa kingine kishike. Rimoti yakudai uache gia huru usiku kucha. Yaani inaondoa mlinzi mmoja kati ya wawili, na kumwacha yule aliye dhaifu.

Uwanja ulio tambarare kama meza, si neno. Lakini nyumba ngapi za Ileje, au za vilima vya Mbozi, au za Tunduma yenyewe, zina uwanja wa namna hiyo? Kama uwanja wako una mteremko hata wa kumwaga maji, nakushauri waziwazi: usifunge. Na kama ni tambarare, weka kigingi cha mti au jiwe zuri mbele na nyuma ya gurudumu kila usiku, na liwe jambo la kwanza kulitazama asubuhi. Mwambie fundi aikaze kamba ya breki kabla ya yote. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Habari ya moshi

Moshi wa injini una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini. Gari lililo katika banda lililofungwa, au lililoegeshwa bomba lake likielekea dirisha la chumba cha kulala, lisiwashwe kwa rimoti kamwe. Mara nyingine rimoti hubonyezwa mfukoni bila mwenyewe kujua. Kwa hiyo usiku itundikwe juu, mbali na watoto, na yule mdogo anayependa kubonyeza kila kitu asiijue ilipo.

Je, waihitaji?

Hili ndilo swali ambalo hukuuliza, lakini mimi nakuuliza. Rimoti hizi zimependwa sana Kanada na nchi nyingine za theluji, ambako asubuhi maji yote yamekuwa barafu na kioo cha mbele hakionyeshi kitu. Huko dakika kumi za kupasha gari moto zina maana. Baridi ya Vwawa na Mlowo mwezi wa Julai ni baridi kweli, lakini si ya namna hiyo. Gari lisilo na ugonjwa, hata la dizeli, likiwashwa plagi zikiisha kupata moto, likaunguruma dakika moja, kisha likaendeshwa polepole kilometa za kwanza, hupata moto upesi kuliko likiachwa limesimama. Ukungu wa kioo hufutwa kwa kitambaa.

Na kama gari lako halitaki kuondoka asubuhi, rimoti haitaliponya. Tazama plagi za joto, betri na vituo vyake, chujio la dizeli na hewa inayoingia kwenye mabomba ya mafuta. Tena ujue kwamba stata ikizungushwa pasipo klachi kukanyagwa, huzungusha na sehemu ya giaboksi ambamo oili imeganda kwa baridi. Kwa hiyo betri iliyochoka itachoka zaidi. Fedha ya rimoti itoshayo kununua plagi mpya, nakushauri ununue plagi.

Ukitaka king'ora cha kuzuia wezi, kifunge, ila mwambie fundi auache waya wa stata bila kuungwa. Utapata kufuli na kelele bila hatari ya gari kuruka. Huo ndio uamuzi ambao mimi ningeufanya kama watoto wanne wangekuwa wangu.

SWALI LA PILI: Mimi ni utingo wa lori la tela linalopita Tunduma kwenda Zambia. Dereva wangu ataka tufunge rimoti ili injini iwashwe tukiwa hotelini, foleni inapoanza kusogea. Wasemaje?

JIBU: Nasema hapana, wala sina maelezo marefu. Kituo cha pamoja cha mpaka wa Tunduma na Nakonde kilizinduliwa mwaka 2019 ili kupunguza kungoja, lakini malori bado ni mengi, na foleni zikitokea huwa ndefu. Nawe wajua kuliko mimi watu wanakaa wapi wakati wa foleni: chini ya tela kwa ajili ya kivuli, mbele ya bampa wakipika chai, baina ya magurudumu wakikaza nati. Akina mama wauza ndizi hupita katikati ya lori na lori. Injini ya lori isiwashwe na mtu asiyeweza kuwaona watu hao.

Tena, kuwashwa mapema hakuondoi kazi ya dereva. Ni kweli breki za upepo zahitaji injini iungurume kwanza ili matangi yajae. Lakini wakati huo dereva awe ndani, macho yake kwenye geji ya upepo, nawe utingo uwe nje ukizunguka lori lote kutoka bampa hata mkia wa tela, ukiinama na kutazama chini, ukipiga bodi kwa kiganja na kuita. Ukiisha kuona hapana mtu, ndipo umpe dereva ishara. Mzunguko huo hauchukui hata dakika mbili. Mwambie dereva wako kwamba ndiyo kazi yako, na kwamba hapana rimoti iliyotengenezwa bado inayoweza kuinama na kutazama chini ya tela.

Juma lijalo nitajibu maswali mawili ya betri, na moja la baiskeli. Andikeni kwa kifupi, mtaje aina ya gari na mwaka wake, na barua ziletwe kwa Mhariri.